Shikamoo Mara Mbili

Simu ilitetemeka juu ya sinia la vikombe, na vijiko vikaanza kugongana taratibu. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Nilikuwa nimeshaamka, nimekaa ukingoni mwa kitanda nikitafuta kandambili kwa vidole vya miguu. Nikaenda hadi mezani nikipapasa ukuta, nikasoma jina kwenye kioo: Simaloi wa maziwa.

"Bibi, shikamoo. Samahani nimekuamsha."

"Marahaba, mwanangu. Hujaniamsha. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Ni kompyuta. Imekuwa nyeusi."

"Imezimika?"

"Inawaka, lakini nyeusi. Ina maandishi meupe machache pale juu, basi. Vile vipicha vyote havipo. Jana jioni umeme ulikatika, uliporudi nikaiwasha, ikaja hivyo. Inaniuliza jina, naandika jina. Inaniuliza neno la siri, naandika. Inanikataa. Nimeandika mpaka vidole vinauma. Na leo ndiyo Ijumaa, bibi."

Sikuhitaji kuuliza Ijumaa ina nini. Nilimwambia achemshe chai, anywe, asiiguse tena mpaka nifike.

Nieleze kidogo. Hapa Olasiti, nyuma ya kanisa la Kilutheri, kuna chumba chenye kompyuta kumi na moja za zamani. Zilitolewa na ofisi zilizonunua mpya. Mwalimu mmoja anayeitwa Aristides alizisafisha vumbi, akaziwekea mfumo huria wa Linux. Huria maana yake hauna mwenyewe wa kukudai ruhusa. Ni kama mche wa mgomba huku kwetu Meru: unamwomba jirani, anakuchimbia, na wako ukizaa miche unamchimbia mwingine. Hakuna anayesema umeiba.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na miaka yangu mingi niliimaliza kule Themi nikifua na kupiga pasi nguo za watu. Pale chumbani nilikuwa napeleka maandazi tu. Siku moja mvua ikaninasa ndani, Aristides akanivutia kiti, akasema, "Bibi, mvua hii haiishi leo, kaa hapa ujaribu." Haikuisha. Wiki iliyofuata nilirudi bila mvua. Mke wa mchungaji alipoona nakaa muda mrefu aliniletea mto wa kukalia, na ilipofika adhuhuri akanionyesha kona safi, akatandika mkeka, akasema nisali hapo bila wasiwasi. Mkeka ule mpaka leo haukanyagwi na mtu mwingine.

Aristides alipohamishiwa shule ya Kikatiti, wale vijana waliobaki walijua mambo mengi kuliko mimi, lakini hawakuwa na subira na watu wapya. Waliongea haraka. Walisema "bofya hapo" kabla mtu hajajua hapo ni wapi. Basi ikawa mgeni yeyote anayekuja Jumamosi, saa yake ya kwanza anakaa na mimi. Namfundisha kuwasha bila kuogopa. Namfundisha kushika kipanya, maana wengi hukishika kama wameshika kifaranga, wanaogopa kukiumiza. Halafu tunachagua jina la kuingilia. Hapo huwa pana kazi. Wanawake wa huku wameitwa kwa majina ya watoto wao mpaka wamesahau kwamba wana yao. Siku moja nilikuwa na Mama Naserian wawili, wa kwanza akaandika jina, wa pili kompyuta ikamwambia jina hilo lina mtu. Akasimama akamtazama mwenzake kwa macho makali. "Na hapa pia umenitangulia?" Tulicheka mpaka mke wa mchungaji akaja kuchungulia.

Mwisho namfundisha neno la siri. Hapo huwa sitanii. Nawaambia ni kama ufunguo wa sanduku lako, asiujue mume, asiujue jirani, na hata mimi msiniambie.

Simaloi alikuja mwezi wa nne. Anatoka juu kule, upande wa magharibi wa mlima, ambako watu wanafuga na kulima. Ana miaka kama thelathini na tano. Wafugaji ishirini na mmoja wa kijijini kwake wana kikundi cha maziwa, nao walipewa kompyuta moja kutoka chumba chetu, pamoja na printa ndogo. Kwenye uchaguzi wa mwezi wa tatu walimchagua Simaloi awe katibu, kwa kuwa alifika kidato cha pili. Siku moja tunakunywa chai aliniambia kwamba tangu aache shule hakuna mtu aliyewahi kumkabidhi kitu cha kuandika. Alisema hivyo akitazama kikombe.

Mwenyekiti wao, Nathanael, hakufurahia sana uchaguzi ule. Si mtu mbaya, lakini alitaka katibu awe Lesian, mtoto wa dada yake, aliyekuwa fundi simu mjini. Kikundi kilipotaka kusajiliwa, kata ikasema kilete katiba iliyochapwa. Afisa maendeleo angekuja kuichukua Ijumaa saa nne. Nathanael akasema mbele ya wote, "Kama Ijumaa hakuna karatasi, siku hiyohiyo tunachagua katibu mwingine."

Simaloi aliandika katiba ile kwa wiki tano. Wiki ya kwanza nilipopanda kwao nilimkuta amenuna. Alikuwa ameandika ukurasa mzima, na kompyuta ikaupigia mistari myekundu chini ya kila neno, yeye akaufuta wote akaandika upya, nayo ikaupigia tena. "Imenikosoa kuliko mwalimu wangu wa darasa la nne," alisema. Nikamwonyesha kwamba kompyuta ilikuwa inadhani anaandika Kiingereza. Tukaiambia kwamba hiki ni Kiswahili, mistari ikapungua, ikabaki kwenye majina ya watu. Alicheka, kisha machozi yakamtoka kidogo kwa ajili ya ukurasa aliokuwa ameufuta.

Sasa huyo ndiye aliyenipigia simu.

Baada ya kusali nilikwenda kugonga kwa jirani yangu Sefu, mwenye bajaji. Alitoka na mswaki mdomoni. Nilipomweleza, aliingia ndani akatoka amevaa, hata chai hakunywa.

"Bi Rukaiya, siku hizi unaitwa usiku kama mkunga," alisema tukiwa njiani. "Ukianza kuvaa ovaroli uniambie."

"Wewe endesha."

"Naendesha. Lakini saa sita na nusu niwe msikitini. Ukinichelewesha nitakushtaki kwa imamu."

"Nishtaki. Imamu amekula maandazi yangu tangu hajaota ndevu."

Mlima ulikuwa umejifunika mawingu hadi kiunoni. Njia ya juu ina mawe, na kila penye jiwe kubwa Sefu alipunguza mwendo bila kuombwa, kwa ajili ya mgongo wangu. Mara mbili alishuka akaliondoa jiwe kwa mkono.

Tulifika saa mbili na dakika chache. Nyumba ya maziwa ilikuwa na watu wengi, maana ndiyo saa ya kuleta maziwa, na madumu yalikuwa yamepangwa mlangoni. Niliwasalimu akina mama kwa Kimaasai, takwenya, wakaitikia iko, wakacheka namna ninavyoitamka. Mmoja akanishika mkono nipande ngazi.

Kompyuta ilikuwa kona ya ndani. Simaloi alikuwa ameiwekea kitambaa alichokishona mwenyewe, chenye maua ya njano, sasa amekitoa na kukikunja juu ya magoti yake. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi. Nyuma yake alisimama Nathanael, mrefu, na fimbo yake, na kijana mwenye koti jepesi na flashi mkononi. Nikajua huyo ni Lesian.

"Shikamoo, bibi," alisema Nathanael. "Umetoka mbali kwa ajili ya sanduku hili. Hatukutaka kukusumbua. Lesian yuko hapa. Anakifuta hicho kitu chenu, anaweka kile cha kawaida kinachotumika mjini. Dakika arobaini."

"Marahaba, baba. Na katiba?"

Nathanael akamtazama Lesian. Lesian akakuna shingo. "Itaondoka, bibi. Nikifuta hivyo, nafuta yote."

"Basi saa nne mtampa afisa kompyuta nzuri isiyo na katiba."

Akina mama waliokuwa mlangoni wakacheka. Nathanael hakucheka, lakini aligeuza uso.

Nikamuuliza Simaloi kwa sauti ya chini, "Kwenye flashi yako hukuiweka? Si nilikwambia uweke kote kuwili?"

"Kwaya waliazima flashi yangu Jumapili, bibi. Wakaijaza nyimbo."

Nilimpapasa bega. Si wakati wa kumwambia nilikwambia.

"Saa mbili na robo hii," alisema Nathanael. "Ikifika saa tatu, Lesian anaanza. Angalau afisa aone tuna kitu kinachofanya kazi."

Nikakaa karibu na Simaloi. Kioo kilikuwa cheusi kweli, na maandishi meupe. Nilianza na yale ninayoyajua. Nikatazama waya wa kibodi, umekaa vizuri. Nikatazama kile kitaa cha herufi kubwa, kimezimwa. Nikamwambia aandike jina. Akaandika, na herufi zikatokea moja moja, simaloi. Akabonyeza kile kitufe kikubwa cha pembeni. Ikauliza neno la siri. Akaandika, na pale hapakutokea kitu. Siku zote tulizoea kuona vidoti, kila herufi na kidoti chake. Sasa hapakuwa na kidoti hata kimoja. Akabonyeza kitufe kikubwa. Kompyuta ikakaa kimya kama inayofikiri, kisha ikaandika maneno ya Kiingereza ya kukataa, ikauliza jina upya.

"Vitufe vingine vimekufa," alisema Lesian.

"Mbona jina limeandikika?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Hapo sijui, bibi." Nilimpenda kwa kusema hajui.

"Rahisi," alisema Nathanael. "Simaloi, taja hilo neno, Lesian aandike yeye."

Simaloi alinitazama.

"Taja tu. Hapa ni nyumbani."

"Bibi alitufundisha tusimtajie mtu," alisema Simaloi polepole.

"Hata mwenyekiti?"

"Hata mwenyekiti."

Mama mmoja mnene aliyekuwa anapima maziwa akauliza bila kuinua kichwa, "Hata mume?"

"Hata mume," nikamjibu mimi.

"Hilo nalipenda," alisema, na nyumba nzima ikacheka, pamoja na Lesian. Lakini mimi moyoni sikucheka. Mafundisho yangu mwenyewe ndiyo yalikuwa yamemfunga mtoto wa watu.

Nikampigia Aristides. Nashukuru alipokea. Nilisikia watoto wakiimba nyuma yake, nadhani walikuwa mstarini.

"Umeme umekatika vibaya, bibi, ule upande wa picha haukuamka," alisema baada ya kunisikiliza. "Si tatizo. Vitu vyake vyote vimo ndani. Aingie kwa jina na neno la siri, halafu aandike neno moja dogo. Nakutajia. S, t, a, r, t..." Simu ikakatika. Salio lilikuwa limekwisha.

Kabla sijasema kitu, Lesian alikuwa ameninyooshea simu yake. "Tumia hii, bibi. Ina dakika nyingi." Huyu ndiye aliyekuwa anangojea nafasi ya Simaloi, na ndiye aliyetoa simu. Nikampigia tena Aristides, nikaandika herufi zote kwenye kiganja kwa kalamu ya Simaloi. Ya mwisho ilikuwa x.

"Lakini mwalimu, hawezi kuingia. Neno lake linakataliwa."

"Basi amelisahau, bibi. Hutokea."

"Sijalisahau," alisema Simaloi, maana alikuwa anasikia. "Hilo siwezi kulisahau." Alisema kwa namna ambayo sikumuuliza zaidi.

Aristides akaitwa darasani. Saa ya ukutani ilikuwa imefika saa mbili na dakika arobaini.

"Jaribu tena, mwanangu," nikasema. "Polepole. Hakuna anayekufukuza."

Alijaribu, akakataliwa. Akajaribu, akakataliwa. Akina mama walikuwa wameacha kucheka. Yule mnene alileta kikombe cha maziwa ya moto akakiweka karibu na Simaloi, akaondoka kwa kunyata.

Mwaka juzi nilitolewa mtoto wa jicho, na maandishi meupe juu ya weusi hunichoma. Basi nikafumba macho kuyapumzisha. Na nilipoyafumba, nikaanza kusikia vidole vyake.

Jina kwanza. Herufi saba, haraka, kisha kile kitufe kikubwa, ambacho mlio wake ni mzito kuliko vingine. Halafu neno la siri. Nilihesabu tu, bila kukusudia, kama ninavyohesabu mtu akitwanga nyumba ya pili. Tisa. Kisha kimya kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kisha tisa tena, mwendo uleule, mbili za haraka mwanzoni na moja ya kuchelewa katikati. Ndipo kitufe kikubwa.

Nikafumbua macho. "Simaloi. Mbona unaandika mara mbili?"

"Nini, bibi?"

"Neno lako. Unaliandika, unangoja, halafu unaliandika tena."

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anapumua. "Si kwa sababu haijaitikia? Naandika, naona kimya. Hata kidoti hakuna. Nikadhani haijasikia." Akaona haya, akaendelea kwa sauti ndogo. "Nyumbani mama mkwe masikio yake ni mazito. Asubuhi nampa shikamoo, nikiona kimya nampa tena. Siwezi kuondoka tu mtu hajaitikia, bibi. Ni utovu wa adabu."

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja pale alikuwa na mzee wake wa kurudiwa salamu.

"Ngoja," nikasema. Nikamwomba Lesian simu tena. Aristides alipokea akinong'ona, nadhani alikuwa mbele ya darasa.

"Mwalimu, neno moja tu. Hapa penye weusi, neno la siri linaandikwa bila kuonekana?"

"Ndiyo, bibi. Halionekani kabisa, hata vidoti. Kompyuta inasikia lakini haionyeshi. Sikuwaambia?"

"Hukutuambia."

"Nisamehe, bibi. Nimelizoea mpaka nimesahau kwamba ni jambo la kuambiwa."

Nilimsamehe palepale. Nikamgeukia Simaloi. "Imesikia mara ya kwanza. Hii haina desturi ya kuitikia. Wewe iamkie mara moja tu, kisha bonyeza."

Alijifuta viganja kwenye sketi. Akaandika jina. Akabonyeza. Nikafumba macho tena, safari hii kwa woga. Tisa. Niliona jinsi kimya kile kilivyomtesa, hata bila kumtazama. Vidole vyake vilitaka kurudia. Nathanael alikuwa ameacha kugonga fimbo. Halafu nikasikia mlio mzito.

"Imefunguka," alisema Lesian.

Maandishi yaliyotokea hayakuwa ya kukataa. Simaloi akashika mkono wangu, akakigeuza kiganja, akasoma herufi nilizoziandika, akazibonyeza moja moja. Kioo kikazimika kabisa, mama mmoja akasema Yesu wangu, kisha kikawaka chote kwa rangi, na vile vipicha vyake vikarudi mahali pake. Faili lilikuwa pale pale, limeandikwa Katiba ya Maziwa. Alilifungua. Kurasa kumi na mbili, hakuna hata herufi iliyopotea.

Simaloi aliinamisha uso juu ya kile kitambaa cha maua ya njano, akakaa hivyo, na mama mnene akamfuta shingo kwa kanga kama anamfuta mtoto. Sefu, aliyekuwa mlangoni muda wote akijifanya anatazama bajaji yake, akasema, "Haya, na ile ovaroli tukashone leo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika tano. Lesian aliiweka flashi yake mezani. Nilidhani anaitupa, kumbe anampa Simaloi. "Hii ni tupu, Katibu. Weka katiba humu kabla umeme haujafanya tena vituko. Na usiwape kwaya."

Printa iliguna, ikatoa kurasa moja baada ya nyingine, na akina mama walipokezana kuzipanga ingawa zilikuwa zinajipanga zenyewe.

Afisa maendeleo, dada mmoja mpole anayeitwa Sophia, alifika saa nne kwa pikipiki. Alisalimia kila mtu, wazee kwanza. Akakaa, akavaa miwani, akasoma katiba ukurasa kwa ukurasa, na hakuna aliyekohoa. Kwenye ukurasa wa saba akasimama.

"Hapa," alisema. "Kifungu cha kumi na nne mmekiandika mara mbili. Na hapa mkutano mkuu haujasemwa unaitishwa siku ngapi kabla. Bila hivyo watairudisha. Mnaweza kurekebisha mniletee wiki ijayo?"

Nathanael alifungua mdomo. Lakini Simaloi alikuwa ameshageukia kompyuta.

"Siku ngapi, wanachama?" aliuliza akiwa ameelekea kioo.

"Kumi na nne," mtu akasema.

"Kumi na nne zinatosha kwa aliye malishoni?"

Wakabishana. Waliokuwa na ng'ombe mbali walitaka ishirini na moja. Wakakubaliana ishirini na moja. Simaloi akaandika, akafuta kifungu kilichorudiwa, akapanga namba upya, na printa ikaguna tena. Yote hayo hayakufika muda wa kunywa kikombe cha chai. Najua, kwa sababu nilikuwa ninacho kikombe, na kilikuwa bado cha moto. Sophia akaichukua karatasi mpya ikiwa bado na joto, akaisoma, akatia karatasi zote kwenye bahasha.

"Mna katibu," alisema.

Kikao kilianza. Nilitaka kuondoka, lakini wakanikalisha kwenye benchi. Nathanael alisimama na fimbo yake. Nilimwona Simaloi akinyoosha mgongo, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Lile neno la kuchagua mwingine lilikuwa bado halijafutwa na mtu.

Nathanael akakohoa. "Katibu," alisema, akimtazama Simaloi. "Andika kwenye muhtasari kwamba kikao kimefunguliwa saa nne na nusu. Ajenda ya kuchagua katibu imeondolewa."

"Nani ameiondoa, mwenyekiti? Lazima niandike."

"Andika mimi."

Makofi yakapigwa. Simaloi akaandika, na alivyoandika nilisikia vidole vyake, vyepesi, haviogopi kitu.

Nilitoka nje saa tano na nusu, Sefu akiwa ameshapiga honi mara tatu kwa ajili ya sala yake. Mama mnene aliniwekea kidumu cha maziwa kwenye bajaji na kukizungushia majani kisimwagike. Simaloi alinisindikiza mpaka ngazini, akanikumbatia, kisha akaitwa ndani kusoma muhtasari, na nikamwambia aende, wanamngoja.

Nilikuwa nimeshakaa nilipomwona Nathanael anakuja kwa hatua ndefu, ametazama nyuma mara mbili. Nilidhani amekuja kuaga. Aliegemea bajaji kwa upande wangu, akashusha sauti mpaka Sefu akainama kusikiliza, nami nikampiga Sefu kofi la bega arudi mahali pake.

"Bibi, wale wote sasa wanajua kidogo kidogo. Hata yule wa kupima maziwa nimemwona anaandika jina lake." Akakwaruza ardhi kwa fimbo. "Mimi hata pa kuwashia sipajui. Siku zote nilikuwa nasema ni kitu cha hovyo ili nisiulizwe."

"Si kosa, baba. Hata mimi sikuzaliwa napajua."

"Jumatano wanakwenda mnadani wote. Hapa huwa hakuna mtu, ni mimi na tangi la maziwa." Alinyoosha mkono akakiweka vizuri kile kidumu, ingawa kilikuwa vizuri. "Uje tena, bibi. Uje Jumatano."